Dola Ndani ya Chupa: Maneno Niliyowaambia Wenye Baa wa Mombasa

Haya ndiyo niliyoyasema mbele ya wenye baa, mikahawa na hoteli ndogo za hapa Mombasa. Waliokosa kufika waliomba wayapate yote, kwa hivyo nimeyaandika yalivyotoka mdomoni, mizaha ikiwemo. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha.

Mabibi na mabwana, hamjambo? Hamjambo tena, maana naona nusu yenu mmefunga baa alfajiri na mnaniitikia kwa usingizi.

Niwatoe wasiwasi mapema: mimi sinywi. Mama yangu akisikia nimesimama mbele ya watu kuzungumzia bia atanitaka maelezo, nami nitamwambia nilikwenda kuzungumzia hesabu, na sitakuwa nimemdanganya. Kazi yangu ni kupitia vitabu vya mikahawa, Nyali, Bamburi, Mtwapa, na ng'ambo ya feri hadi Diani. Katika vitabu hivyo hakuna mstari unaoleta ugomvi kama wa bia za kutoka nje na hizi za krafti, zinazopikwa na viwanda vidogo. Mchele ukipanda mteja hunung'unika, akalipa, akaenda zake. Bia ya Ubelgiji ikipanda shilingi hamsini, anaitwa meneja.

Na meneja husemaje? Husema, "Uchumi mbaya, boss."

Ndugu zangu, uchumi upi? Wa wapi? Mbaya kwa nani? Uchumi unaopandisha chupa yako huenda si wa Mombasa hata kidogo. Huenda ni wa benki kuu ya nchi nyingine, au wa shamba lililo upande wa pili wa dunia, au wa nahodha aliyeogopa kupita bahari fulani. Mwenye baa asiyejua ni kipi kati ya hivyo kimempata, atapandisha bei wakati usiofaa na atakataa kuishusha wakati unaofaa. Nimeliona hilo mara nyingi. Nimeliona kwa baadhi yenu mliokaa hapa mbele, na msiniangalie hivyo.

Tuanze na dola, maana hapo ndipo penye mambo.

Chukueni chupa moja ya bia ya Ulaya, ile ndogo ya mililita 330. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba imefika bandari ya Kilindini ikiwa imegharimu dola moja: bei ya kiwandani, bima na nauli ya meli, vyote ndani. Mwanzoni mwa 2023 dola hiyo ilikuwa kama shilingi 124. Januari 2024 ilifika 160. Chupa ni ile ile, bia ni ile ile, mpishi wake kule Ulaya hajaongeza hata senti. Lakini kabla kontena halijafunguliwa, chupa yako imeshaongezeka shilingi 36.

Mtasema, shilingi 36 ndizo za kumwita meneja? Sizo. Tatizo ni kwamba shilingi 36 hazisafiri peke yao. Ushuru wa forodha hutozwa kwa asilimia ya thamani ya mzigo, kwa hivyo nao umepanda. Ada ya tamko la uagizaji nayo hutozwa kwa asilimia ya thamani hiyo hiyo. Tozo ya reli vilevile. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT ya asilimia 16, ambayo haitozwi kwenye bia peke yake, inatozwa kwenye bia pamoja na ushuru uliokwisha kulipwa. Kodi juu ya kodi! Kisha mwagizaji anaweka faida yake kwa asilimia. Msambazaji anaweka yake kwa asilimia. Halafu wewe hapa Nyali unazidisha mara mbili, kama wengi wenu mnavyofanya. Zile 36 zilizoingia bandarini zinafika mezani zikiwa zimepita mia. Nani aliyeiba? Hakuna aliyeiba. Kila mmoja amefanya asilimia yake ya kawaida.

Nitawapa kisa. Kuna mkahawa mmoja, sitautaja, ambao mwenyewe ni muungwana sana. Shilingi ilipokuwa ikiporomoka mwaka 2023, yeye alikataa kupandisha bei. Aliniambia, "Mzigo nilionao stoo niliununua kwa bei ya zamani, kwa nini nimwibie mteja?" Maneno mazuri, na wateja walimsifu. Akauza, akauza, stoo ikaisha. Alipopiga simu kuagiza tena, zile pesa zote alizokusanya hazikutosha kununua katoni zile zile. Kila chupa aliyouza ilikuwa imemla kidogo kidogo, naye hakuhisi, kwa sababu kwenye karatasi alikuwa na faida. Bia ya kutoka nje haiuzwi kwa bei uliyoinunulia. Inauzwa kwa bei utakayoinunulia tena. Nani hapa anaiuza hivyo? Mikono? ... Naona mitatu, na mmoja wa hiyo anajikuna.

Sasa ongezeni bahari. Kuanzia Novemba 2023 meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na makampuni makubwa ya meli yakaacha njia ya Suez. Nyinyi ni watu wa Pwani, ramani sihitaji kuwachorea. Kontena linalotoka Ulaya kuja Mombasa kwa Suez linashuka moja kwa moja. Likikataa Suez, linazunguka Afrika nzima, linapita Rasi ya Tumaini Jema kule kusini, kisha linapanda tena hadi kwetu. Ni siku nyingi zaidi baharini, mafuta zaidi, bima zaidi. Na liliingia lini balaa hilo? Majira yale yale ambayo dola ilikuwa ikielekea 160.

Kumbukeni nilichosema: ushuru wa forodha unapigwa kwenye bei ya kiwandani pamoja na bima na nauli. Maana yake, nauli ikipanda, kodi inapanda nayo, bila mtu yeyote Bungeni kunyanyua mkono. Mnalipia kodi ule mzunguko wa Rasi. Na kontena likichelewa kutolewa bandarini, gharama za kulichelewesha zinahesabiwa kwa dola pia.

Kuna riba vilevile, na hii watu huisahau. Mwagizaji hulipa kiwandani leo, mzigo unafika baada ya wiki kadhaa, kodi analipa kabla hajautoa, na nyinyi mnamlipa lini? (Kicheko.) Mnacheka nini? Hela anayozungushia ni ya benki. Februari 2024 Benki Kuu ilikuwa imefikisha kiwango chake cha riba asilimia 13. Kila wiki ambayo meli ilikuwa ikizunguka Afrika, mkopo wake ulikuwa ukizaa. Na kila wiki mliyomwambia "njoo Ijumaa," ulizaa pia.

Haya, kijana mmoja wa kaunta kule Mtwapa aliniuliza swali ambalo nimelibeba hadi leo. Alisema: "Nimeelewa bia ya Ubelgiji. Lakini krafti inapikwa hapa hapa Kenya. Mbona nayo inauzwa bei ya kutisha? Hiyo dola imeingilia wapi?"

Imeingilia ndani ya sufuria. Ukiondoa maji, hesabu pamoja nami. Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa: shayiri tunalima, Narok, Timau na kwingineko, lakini nyingi inakwenda kwa kiwanda kikubwa. Kimea maalumu, kile kinachoipa bia rangi nyeusi au ladha ya kukaangwa, kiwanda kidogo hukiagiza Ujerumani, Ubelgiji au Uingereza. Hamira, nje. Matangi ya chuma cha pua, nje. Pampu ikiharibika, kipuri nje. Halafu hopsi, yale maua machungu yanayoipa bia harufu, na ambayo bia za krafti hutumia mengi kuliko bia ya kawaida. Hopsi hutaka kiangazi chenye mchana mrefu sana, na sisi tuliokaa karibu na Ikweta mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hivyo hopsi inatoka Hallertau, Ujerumani, au bonde la Yakima, Marekani.

Yakima! Acheni niwasimulie, maana hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, mtu nisiyekunywa.

Oktoba 2006 ghala la hopsi liliungua Yakima. Moto ule uliteketeza karibu asilimia 4 ya mavuno ya Marekani ya mwaka huo. Asilimia 4 ni kitu gani? Si kitu, kama ghala nyingine zimejaa. Lakini hazikuwa zimejaa. Kwa miaka mingi kabla ya hapo bei ya hopsi ilikuwa chini mno, wakulima wakang'oa mashamba na kupanda mambo mengine. Mwaka 2007 mavuno ya Ulaya nayo hayakuwa mazuri. Ikafika 2008, hopsi ya kununua papo kwa papo ikawa imepanda mara kadhaa, na nyingine haikupatikana kwa bei yoyote.

Sasa sikilizeni nani aliumia. Viwanda vikubwa vilikuwa na mikataba ya miaka, bei imeshaandikwa. Viwanda vidogo, ambavyo hununua kidogo kidogo pesa ikipatikana, vilijikuta mikono mitupu. Mwaka huo kampuni ya Boston Beer, wenye bia ya Samuel Adams, ilitoa ratili 20,000 za hopsi zake, kama tani 9, ikawauzia wapinzani wake wadogo kwa bei ile ile iliyonunulia. Mpinzani anamwokoa mpinzani. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mhasibu ndani yangu anaona kitu kingine: mdogo alipata taabu si kwa sababu bia yake ni mbaya, bali kwa sababu hakuwa na mkataba. Mara ngapi nyinyi mmekubaliana bei ya miezi sita na msambazaji wenu, ikaandikwa?

Rudi kwa kijana wangu wa Mtwapa. Nilimwambia atazame chupa. Bia ya kawaida hapa kwetu inakuja kwenye kreti, na chupa tupu zinarudi kiwandani, zinaoshwa, zinajazwa tena. Gharama ya chupa inagawanywa kwa safari zake zote. Chupa au kopo la krafti mara nyingi linakwenda safari moja, kisha ni takataka nyuma ya baa yako. Kila mnywaji analipia chombo kipya. Na kioo ni moto. Tanuri la kioo haliwezi kuzimwa jioni likawashwa asubuhi, linawaka usiku na mchana, kwa hivyo mafuta yakipanda duniani chupa inapanda. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, nafaka na nishati vilipanda pamoja, na mpishi wa bia akabanwa kwenye kimea na kwenye chupa kwa wakati mmoja.

Kisha kuna joto letu. Bia nyingi za krafti hazichemshwi ili zidumu kama zile za kiwanda kikubwa. Zinataka ubaridi njia nzima, kilomita karibu 480 kutoka Nairobi, ndani ya lori linalokula dizeli ambayo VAT yake ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Ikifika hapa inataka friji, na bili ya stima mnaijua. Ikikaa sana inapoteza ile harufu iliyofanya mtu ailipie. Ile bei kubwa mnayoiona imebeba pia chupa ambazo hazitauzwa kamwe.

Mkitaka kuona bia isiyojua dola, tokeni Mombasa, nendeni Rabai au Kaloleni. Mgema anapanda mnazi wake kwa miguu yake, anakinga tembo, yaani pombe ya mnazi, kwenye kibuyu, na jioni limeuzwa. Hanunui hopsi Yakima. Kontena likikwama Kilindini, yeye hana habari. Lakini tembo la leo kesho kutwa ni siki, haliwezi kukaa stoo kungoja bei nzuri wala kupelekwa mbali, ndiyo maana halijamtajirisha mgema. Sisemi muuze mnazi. Sheria mnazijua kuliko mimi. Nasema kila hatua ambayo kinywaji kinakwenda mbali na shamba lake kinachukua bei ya dunia juu ya mgongo wake.

Tuingie kwenye ushuru wa bidhaa, ambao si ule wa forodha, na hapa nitakwenda haraka, maana najua kuna watu wakisikia jina la KRA, wakusanya kodi, tumbo linawauma.

Mwaka 2022 pekee ushuru wa bia ulipanda mara mbili: Julai ukafika shilingi 134 kwa lita, Oktoba ukafika 142.44 kwa sababu ya kurekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Sheria ya Fedha ya 2023 ikauondoa urekebishaji huo wa kila mwaka. Kisha mwishoni mwa Desemba 2024 mambo yakageuka kabisa: ushuru ukaacha kuhesabiwa kwa lita ya bia, ukaanza kuhesabiwa kwa kileo kilichomo. Shilingi 22.50 kwa kila sentilita, yaani mililita kumi, ya kileo halisi. Na kwa kiwanda kidogo kinachojitegemea, shilingi 10.

Pigeni hesabu ya chupa ya mililita 330 yenye kileo cha asilimia 5. Zamani, shilingi 47. Sasa, 37 na senti kidogo. Ikiwa imepikwa na kiwanda kidogo kinachostahili kiwango cha chini, 16.50. Mmesikia? Kutoka 47 hadi 16.50! Sasa niwaulize, na mjibu kwa ukweli: ni nani kati yenu aliyemuuliza msambazaji wake wa krafti kwamba tofauti hiyo imekwenda wapi? ... Kimya. Huenda imeliwa na kopo na dizeli, na huenda hiyo ni haki. Lakini hamkuuliza.

Msidhani serikali inaweza kupandisha ushuru bila mtu kuhama. Mnakumbuka Senator Keg, ile bia ya pipa ya bei rahisi? Ilianza 2004, ikapewa nafuu ya ushuru ili watu waache pombe haramu. Mwaka 2013 serikali ikaikata nafuu hiyo kwa nusu. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo yakaanguka zaidi ya nusu. Wanywaji walikwenda wapi, msikitini? Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sisemi ushuru ndio uliowaua. Waliowaua ni waliotia sumu. Nasema mteja asiyeweza bei haachi kiu yake nyumbani, na 2015 nafuu ile ilirudishwa.

Wateja wenu wa krafti hawatakwenda kunywa sumu, alhamdulillahi. Lakini nao huhama. Wamarekani walipobanwa na uchumi mwaka 2009, bia kwa jumla ilishuka mauzo na bia za kutoka nje zikaanguka zaidi, lakini krafti iliendelea kukua. Kwa nini? Mtu aliyeacha safari na gari jipya bado anaweza kujipa chupa moja nzuri Ijumaa. Anakunywa kidogo, anachagua vizuri.

Na hapa Pwani tuna kitu ambacho Nairobi hawana kwa kiasi chetu: mgeni mwenye euro. Shilingi ikidhoofika, mgeni huyo anaiona menyu yako imekuwa rahisi ingawa umepandisha. Mwenyeji wa Kizingo anaiona imekuwa ukuta. Chupa moja, meza mbili, maumivu tofauti. Mwenye baa ya ufukweni anaweza kupandisha Desemba na watu wasinung'unike. Mwenye baa ya Tudor akimwiga, Januari atakunywa mwenyewe. Kwa hivyo acheni kunakili menyu za jirani. Jirani ana wateja wake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta, na mtanisamehe.

Kufikia mwisho wa Machi 2024, baada ya serikali kuuza Eurobond mpya, yaani hati ya kukopa dola nje, na kulipa sehemu kubwa ya ile ya zamani, dola ilikuwa imerudi karibu 130. Katikati ya mwaka ikatulia 129. Riba ya Benki Kuu ikaanza kushuka Agosti. Ushuru wa bia ya kileo cha asilimia 5 ukapungua Desemba. Mimi nikafungua menyu zenu. Za 2024. Za 2025. Nikatafuta ni nani aliyeshusha bei.

Bei zilipanda kwa lifti, na hata ngazi hazikuzishukia. Zilibaki juu.

Najua mtasema mzigo wa zamani ulikuwa haujaisha. Kweli, miezi miwili, mitatu. Mtasema kodi ya nyumba, mishahara, stima havikushuka. Kweli kabisa, na sehemu hiyo ya bei iacheni ilipo. Lakini sehemu ya dola imeshuka, na mlipoipandisha mlimwambia mteja ni dola. Mteja ana simu. Anaona dola ni ngapi akiwa amekaa kwenye kiti chako.

Kwa hivyo ninachowaomba ni kazi ya mchana mmoja. Chukua ankara yako ya mwisho. Kila bia ya nje na kila krafti, muulize msambazaji ni kiasi gani kinakwenda na dola, kiasi gani ni ushuru, kiasi gani ni usafiri wa hapa hapa. Akikataa kukwambia, muulize mwingine. Dola ikisogea shilingi kumi, juu au chini, rekebisha sehemu ile tu. Pangeni bei ya miezi sita kwa zile mnazouza sana. Na zile zinazokaa kwenye friji hadi vumbi linazishika, ziondoeni. Aina nane zinazotembea ni bora kuliko aina thelathini zinazozeeka.

Nimemaliza. Naona mkono. Dada, tafadhali, sema kwa sauti.

(Dada mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: "Nikishusha bei ghafla, si wateja watafikiri bia imekaribia kuharibika?")

Swali zuri, na ndiyo, watafikiri hivyo ukinyamaza. Usinyamaze. Ulipopandisha, ulibandika karatasi kaunta kwamba dola imepanda, sivyo? Bandika nyingine, mahali pale pale, uandike kwamba mzigo mpya umefika na dola imeshuka, na uandike tarehe ya mwisho ya matumizi iliyo kwenye katoni. Atakayetilia shaka mwonyeshe katoni. Haya, mwingine nani? Bwana mwenye kofia.